Nusu ya Pili ya Sheria

Mume wangu alikuwa fundi makochi, na kwa makochi hakuwa na mpinzani. Ungemletea kochi limebonyea, sponji limetafunwa na panya, mbao zimelegea, naye angelizunguka mara moja, akalipiga teke dogo mguu wa nyuma, kisha akakutajia ugonjwa wake. Alikuwa pia na kichwa kigumu, na hilo nalisema mapema kwa sababu watu wakimtaja siku hizi wanamfanya malaika. Malaika hawakoromi. Mimi nililala naye kitanda kimoja miaka yote ile, namjua kuliko wao.

Karakana yetu ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu na ua nyuma. Chumba cha mbele cha kupokelea wateja, cha kati cha fremu na sponji, cha nyuma chetu sisi. Mimi nilikaa dirishani na cherehani yangu, nikishona vitambaa vya kuvalisha makochi. Mdogo wangu, anayenifuata ziwa moja, alikata sponji, akabandika, akakaza mikanda ya chini. Barazani alikuwepo mzee mmoja mchora mabango ya maduka, hana mke hana mtoto, amejaa utani mpaka kwenye kucha. Akikuta mteja analalamikia bei, humwambia, "Mama, kaa kwanza ulikalie. Ukiinuka bila kusinzia, chukua bure." Watu walicheka, wakalipa.

Sisi wanne tulikuwa watu wa Harakati.

Harakati ilikuwa kitu kikubwa. Ilivuka mipaka, ilikuwa na wapiganaji wake msituni, redio yake, na wakubwa ambao sura zao hatukuwahi kuziona. Ilikuwa na majimbo, chini ya majimbo matawi, chini ya matawi mashina. Sisi tulikuwa shina, yaani mwisho kabisa kule chini, mahali ambapo mambo yanafanyika kwa mikono. Kochi bovu liliingia kwetu mchana kweupe na mzigo ndani ya fremu, likatoka siku chache baadaye jipya, mzigo bado umo, likaelekea linakotakiwa. Pengine ulikuwa dawa na bandeji. Pengine vitu vizito vilivyonuka mafuta. Sitaki kujitia hamnazo hapa: nilijua ni nini, nikashona juu yake, na kitambaa nilikichagua kizuri.

Ndani ya Harakati hakuna aliyeitwa jina lake. Mume wangu aliitwa Bawaba, kwa kuwa kila mlango wetu ulizungukia kwake. Mchora mabango aliitwa Mzee Brashi. Mimi nilibaki Dada tu. Walisema wakinipa jina jingine nitagoma kupika. Na mdogo wangu aliitwa Gundi. Wengine walidhani ni kwa sababu ya kazi yake, lakini ilikuwa kwa sababu ya mdomo wake. Tulipokuwa watoto baba alimchapa akitaka kujua nani kawafungulia mbuzi wa jirani, akamchapa mpaka baba mwenyewe akachoka, akakaa chini. Mpaka leo hatujui nani aliwafungulia. Mume wangu aliipenda mno hadithi hiyo. Alimsimulia kila mtu wa tawi aliyepita kwetu, huku amemshika mdogo wangu begani, na kila mara alimalizia, "Shemeji yangu huyu akishika, kashika."

Sasa niiseme sheria, maana kila kitu kimetoka humo.

Harakati ilijua kwamba mtu ni nyama na mifupa. Haikumdai mtu asiseme milele. Ilisema hivi: ukikamatwa, vumilia mpaka jua la kesho yake litue. Likishatua, fungua mdomo, taja nyumba, taja majina, okoa roho yako, na hakuna wa kukunyooshea kidole. Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ilikuwa yetu sisi tuliobaki nje: mkisikia mwenzenu kakamatwa, hameni nyote kabla jua hilo halijatua. Acheni vyombo, acheni mzigo, acheni chakula jikoni. Ni sheria nzuri. Ingefuatwa na pande zote mbili, askari wangekuta nyumba tupu na aliyekamatwa angetoka bila deni moyoni. Lakini watu walipenda kuikariri ile nusu ya kwanza, ya ushujaa. Ya pili haina sifa. Nani anasifiwa kwa kufunga virago?

Mdogo wangu alikamatwa asubuhi kwenye kizuizi cha barabarani, akitoka kununua misumari. Mama muuza mkaa, aliyekaa ng'ambo ya barabara yetu na ambaye alikuwa macho ya shina, alikuja mchana ule na gunia mgongoni. Akaliweka chini jikoni kwangu, akafuta jasho, akasema, "Gundi kachukuliwa. Nimeona kwa macho yangu. Kapandishwa gari la kijani la askari." Mume wangu alikuwepo. Mzee Brashi alikuwepo. Mama akageuka akaenda zake, kazi yake ilikuwa imekwisha.

Mimi nilianza kufunga vitu pale pale. Mume wangu alirudi chumba cha kati akaendelea kupiga misumari.

Nikamfuata. "Unafanya nini?"

"Namalizia seti hii. Dereva wa tawi anakuja keshokutwa asubuhi."

"Keshokutwa? Jua la kesho likitua hatutakiwi kuwa hapa."

Aliweka nyundo chini. Hakuwa na hasira, hilo ndilo linaloniuma. Alikuwa ametulia kabisa. "Mke wangu, huyo ni Gundi. Hafunguki. Wamkate vipande, hafunguki."

"Sheria haikusema nani anafunguka na nani hafunguki."

"Sheria imewekwa kwa ajili ya watu wasiojuana. Sisi tunajuana." Kisha akasema maneno ambayo nikiyakumbuka nataka kumzaba kibao, naye yuko chini ya udongo. Akasema, "Nikihama, maana yake nimesema shemeji yangu ni dhaifu. Akitoka akakuta nyumba tupu nitamtazama vipi usoni? Nitamwambia nini? Kwamba nilikimbia kwa kumwogopa yeye?"

"Atakushukuru!"

"Mimi ningekuwa yeye nisingeshukuru."

Tulibishana jioni yote. Mzee Brashi alikaa kwenye mkono wa kochi, brashi sikioni, akituangalia kwa zamu. Nilimgeukia nikitegemea busara ya umri. Akasema, "Mimi mpangaji tu, Dada. Mwenye nyumba akikaa, mpangaji atahama kwenda wapi?" Akacheka, lakini macho yake yalikuwa mlangoni.

Kesho yake asubuhi nilichukua mkokoteni, nikaweka kichwa cha cherehani, nguo zangu na sufuria mbili. Mume wangu alinisaidia kufunga kamba. Alikuwa akinitania, akisema kwamba nimepata kisingizio cha kwenda kukaa kwa mama mdogo nikale vya bure. Sikumuaga vizuri. Nilikuwa nimenuna, nikamwambia, "Kaa na kiburi chako." Akajibu, "Siyo kiburi. Kesho mchana njoo na maziwa." Nikasukuma mkokoteni wangu.

Kwa mama mdogo ni upande wa pili wa soko. Jioni ile tulikuwa tumekaa nje tunachambua mboga. Jua lilikuwa limetua kitambo, giza limeshaingia, tunaonea kwa taa za maduka. Ndipo tukasikia. Mwanzoni mama mdogo alisema ni watoto na fataki. Halafu ukaja mlio mkubwa mmoja, vyombo vikatikisika kwenye kabati, naye akanishika mkono na hakusema tena mambo ya fataki. Nilikaa pale pale na kisu mkononi. Nilijua. Moyo wangu ulijua mahali mlio ulipotokea kabla ya kichwa.

Mume wangu na Mzee Brashi walikufia chumba cha kati. Nyumba iliungua na makochi yote. Redio ya Harakati ilitangaza kwamba walipigana mpaka risasi ya mwisho. Sijui. Mume wangu sikuwahi kumwona ameshika bunduki ila akiificha ndani ya kochi. Baada ya muda kikosi kimoja msituni kikapewa jina la Bawaba.

Mdogo wangu walimwachia wiki kadhaa baadaye. Walimshusha sokoni mchana, watu wamejaa, na walikuwa wamemvalisha shati jipya jeupe, mikunjo ya dukani bado imo. Waliofanya hivyo walijua wanachofanya. Shati la zamani lisingeweza kuonyeshwa watu, hilo nililielewa nilipomvua lile jeupe na kuona mgongo wake. Lakini nani mwingine aliona mgongo? Watu waliona shati.

Alikuja kwa mama mdogo akichechemea. Hakuuliza chochote kwanza, alikula, akalala, akaamka, akala tena. Siku ya pili akaniuliza, "Dada, shemeji yuko wapi? Mlihamia wapi?"

Alikuwa hajui. Kule ndani hawakumwambia kitu.

Nikamwambia wamekufa. Nikamwona anavyohesabu kichwani, akirudi nyuma kutafuta kosa liko wapi. "Nilingoja," akasema. "Dada, haki ya Mungu nilingoja jua litue."

"Najua ulingoja."

"Sasa ilikuwaje?"

Nikamwambia habari hazikutufikia. Kwamba hatukujua kama amekamatwa, tulidhani kachelewa mjini. Nikamwambia ilikuwa bahati mbaya, na mimi nilikuwa nimekwenda kumwona mama mdogo tu. Uongo ule ulinitoka mdomoni mwepesi, nami sijutii. Alilia siku ile, lakini alilia kama mtu aliyefiwa. Mtu aliyefiwa hulia, hula, huishi. Nilitaka aishi.

Halafu Mpimaji akaja.

Alikuwa mtu wa tawi. Kazi yake ya wazi ilikuwa kupima viwanja, na alikuwa na ile tabia ya wapima viwanja ya kukutazama kwa jicho moja kana kwamba anatafuta mpaka wako unaishia wapi. Alikuwa mpole sana. Alinipa mkono wa pole kwa mikono yote miwili, akaniita shemeji, kwa kuwa yeye na mume wangu walikuwa marafiki wa siku nyingi. Kisha akasema mimi na mdogo wangu tunatakiwa kwenye ghala la magodoro, mchana, kwa mazungumzo.

"Mazungumzo gani, shemeji?"

"Ya kawaida. Kuweka mambo sawa."

Nilijua kuweka mambo sawa ni nini. Shina likifa na mtu mmoja akabaki hai amevaa shati jipya, Harakati huuliza swali moja tu. Jibu likiwa baya, kuna gari linangoja nje, na aliyepanda gari hilo husemekana amehamishiwa jimbo jingine. Hakuna aliyewahi kuandika kutoka jimbo hilo.

Ghala lilikuwa refu, magodoro yamepangwa mpaka darini pande zote mbili, katikati ujia. Sauti humo haiendi popote. Ukisema neno linaishia miguuni kwako. Mpimaji aliweka viti vitatu vya plastiki na chupa ya chai. Mlangoni alisimama dereva, kijana mnene mwenye mafua, anafuta pua kwa mkono wa shati. Kupitia mlango niliiona pikapu imeegeshwa uani.

Mpimaji alitumiminia chai wote, hata mdogo wangu. Kisha akamuuliza, "Ulisema?"

"Nilisema."

"Nini?"

"Nyumba. Na majina yetu sisi wa shina."

"Lini?"

"Baada ya jua kutua. La kesho yake."

"Chumba ulichowekwa kilikuwa na dirisha?"

"Hapana."

"Sasa jua ulilionaje, kijana?"

Mdogo wangu alishika kikombe kwa viganja vyote, maana vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa havikunjiki tena. "Kuna jenereta pale," akasema. "Siku ya kwanza nilisikia linawashwa, na askari aliyeingia baada ya hapo alikuwa na tochi. Nikajua wanaliwasha giza likiingia. Siku ya pili nikalingoja. Lilipowaka bado sikusema. Nikasema moyoni, niwape nafasi kidogo, huenda Mzee Brashi anatembea polepole. Nikangoja mpaka nikashindwa."

Dereva alivuta kamasi. Mpimaji aliinamisha kichwa, na kwa kitambo niliona kwamba anamwamini. Lakini kuamini hakukuwa kazi yake.

"Tatizo langu ni hili," akasema, na alikuwa anazungumza nami sasa. "Wale askari walifika nyumbani kwenu usiku wa siku ya pili. Kijana anasema alitaja baada ya jua kutua. Bawaba, Mungu amrehemu, ndiye aliyetufundisha sisi wote sheria hii. Isingewezekana akae ndani saa ile. Labda kama hakupata habari. Lakini mama muuza mkaa anaapa alizileta yeye mwenyewe mchana wa siku ya kwanza. Nimemuuliza mara tatu. Sasa, shemeji, nisaidie. Kama mama anasema kweli, basi nyumba ilizingirwa mapema, wakashindwa kutoka. Na ikiwa ilizingirwa mapema, kijana alisema mapema. Kama mama anadanganya, basi nina la kuongea na mama."

Mdogo wangu alinigeukia. "Hakuleta habari," akasema. "Dada alikuwepo. Dada, waambie."

Nilitazama magodoro. Nilitamani mtu aniulize kitu kingine chochote. Nikisema mama hakuja, gari lile lingemfuata mama na gunia lake, mwanamke ambaye kosa lake ni kutimiza kazi. Nikinyamaza, lingembeba mdogo wangu. Na lililobaki lilikuwa la kweli, nalo lingemwingia aliyekaa pembeni yangu na kumkata vibaya kuliko waliomkata kule. Nililiona jambo hilo wazi kabisa. Nikapiga moyo konde.

"Mama alileta habari," nikasema. "Mchana wa siku ya kwanza. Bawaba alizisikia kwa masikio yake."

"Dada?" akasema mdogo wangu.

"Nyamaza kwanza. Alizisikia, na akakataa kuhama. Sisi tulibishana jioni nzima na asubuhi yake. Hakuna aliyezingira nyumba. Nilitoka na mkokoteni asubuhi, njia nyeupe, hakuna hata mbwa aliyenibwekea. Angeweza kutoka saa yoyote. Mwenyewe hakutaka."

Mpimaji aliweka kikombe chini. "Kwa nini asitake?"

"Alisema Gundi hafunguki."

Nilijua akitaka kuniokoa atasema inatosha, lakini hakusema. "Endelea, shemeji. Nieleze alivyosema."

Nikaeleza. Nilisema yote, sikutia chumvi wala sikupunguza. Kwamba angehama ingekuwa kumtukana shemeji yake. Kwamba asingejua amtazame vipi usoni. Niliyasema huku nikitazama mguu wa kiti cha Mpimaji.

"Wewe ni dada yake," Mpimaji akasema hatimaye. "Dada atasema lolote."

Hapo hasira ilinipanda, na nashukuru ilinipanda maana ilinizuia kulia. "Mimi ni dada yake, ndiyo. Na ni mjane wa nani? Mmempa mume wangu kikosi kizima. Redio inamtaja. Nikitembea, wanawake wananipisha kwenye foleni ya maji. Leo nimekuja hapa kukuambia kwamba shujaa wenu alivunja sheria yake mwenyewe, akamuua na mzee wa watu ambaye hakuwa na pa kwenda. Nimemvua nguo hadharani mwanaume niliyempenda, mbele ya kijana wa mafua. Unadhani nimefanya hivyo kwa raha?"

Dereva alitazama viatu vyake. Mpimaji alikuwa anapima, nami nilimwacha apime. Kisha akasimama, akamwekea mdogo wangu mkono begani, pale pale mume wangu alipozoea kumshika.

"Ulitimiza sehemu yako, kijana," akasema. "Huna hatia. Haya ya Bawaba yataishia humu ndani. Huko nje acha watu waendelee na wanayoyajua. Nenda mbali kidogo, upumzike. Atakayekugusa nitashughulika naye mimi."

Kwa hiyo nilishinda. Nilikwenda kumtoa mdogo wangu kwenye mdomo wa mamba, nikamtoa. Nilimshika mkono tukatoka uani kwenye mwanga, na nilikuwa tayari nawaza atakula nini jioni.

Uani alisimama. "Alisema hivyo kweli?" akaniuliza. "Kwamba sifunguki?"

"Tutaongea nyumbani."

"Sema sasa."

"Alisema."

"Alikuwa na wasiwasi? Hata kidogo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimeshadanganya mara moja kwa ajili yake na uongo ukanirudia. "Hapana," nikasema. "Alikuwa anapiga misumari. Alikuwa anakungoja."

Aliitikia kwa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu anayeelekezwa njia. "Jenereta liliwaka," akasema, "nikajiambia, sasa wako mbali. Wameshavuka soko. Nikamwona kabisa shemeji anasukuma mkokoteni. Kumbe alikuwa amekaa ndani ananingoja." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ungeacha wanipeleke, Dada. Ningekwenda nikijua ni bahati mbaya."

Nilimwambia aache upuuzi. Nilimwambia hakuna mtu duniani angeweza kuvumilia zaidi ya alivyovumilia yeye, na kwamba kama kuna wa kulaumiwa ni kichwa kigumu kimoja kilichozikwa. Nilisema mengi. Alinisikiliza kwa adabu, kama alivyonisikiliza tangu utoto, kisha akaniachia mkono, akaenda kwenye pikapu, akafungua mlango, akaketi.

Dereva alitoka mbio. "Oya, bwana, umeachiwa wewe. Shuka."

"Nipeleke," akasema mdogo wangu.

"Sijaambiwa."

"Basi kaulize uambiwe."

Dereva alinitazama, akatazama ghala, akashindwa cha kufanya. Mpimaji alitoka akasimama kizingitini na chupa yake ya chai. Nilimwona anafahamu. Hakusema shuka, wala hakusema nenda. Alikuwa mtu wa kupima tu, na hapa hapakuwa na kipimo.

Nilisimama kwenye jua lile na kwa mara ya kwanza tangu mume wangu afe nilitamani kuketi pale chini nisiinuke. Nilikuwa nimechoka na wanaume wangu. Mmoja alikaa nyumbani kwa heshima ya mwenzake akafa, na mwenzake sasa anakaa kwenye gari kwa heshima ya aliyekufa. Na mimi ndiye ninayebaki kila mara na sufuria mbili.

Nikalizunguka lile gari. Nikafungua mlango wa upande wake, nikamwambia, "Sogea."

"Dada, shuka. Hili si lako."

"Bado hata sijapanda. Sogea nipande."

"Dada, tafadhali."

"Safari ile nilikuwa na akili," nikamwambia. "Nilifuata sheria, nikasukuma mkokoteni wangu, nikaokoka. Nimeokoka na nini? Leo sihami. Ukienda huko, tunaenda wote, na Mpimaji aeleze kosa langu mimi ni lipi. Sogea."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu na makavu. Dereva alikuwa amesimama mbele ya gari ameshika funguo, na Mpimaji kizingitini, na hakuna aliyesogea ila mimi, niliyekuwa nimeshaweka mguu mmoja ndani.

Tulikaa hivyo mpaka kivuli cha ghala kikafika kwenye matairi. Hakushuka. Lakini mwisho aliukusanya ule mkono wake mbovu mapajani, akajisogeza kwenye kiti, akanipa nafasi, nami nikapanda nikakaa, bega langu kwenye bega lake. Hapo ndipo alipoanza kulia, na safari hii hakulia kama mtu aliyefiwa. Mpimaji alimwambia dereva aingie ndani anywe chai, na funguo aondoke nazo.

"Mzee," dereva akauliza, "sasa hawa?"

"Waache," Mpimaji akasema. "Watashuka wenyewe."